Mkono wa Bawabu

Bawabu wa ofisi ya msajili wa ndoa watu walimbandika jina la Komeo, likamkaa. Vyeti vya chanjo vilipoanza kudaiwa milangoni, wengine waliviunga mkono kwa kuogopa ugonjwa, wengine kwa kuwahurumia wazee. Komeo alivipenda kwa jambo moja tu: usawa. Miaka thelathini aliwaona wakubwa wakiruka foleni. Sasa hata mkurugenzi alisimama akipekua mifuko. Raha iliyoje!

Ili asije akasemwa, kila asubuhi alijikagua mwenyewe. Alikionyesha cheti chake kwenye kioo cha mlango, akajiambia, "Pita, mzee wangu," ndipo akaingia.

Siku ya ndoa ya binti yake wa pekee, humo humo ofisini, Komeo alijipapasa koti jipya mfuko kwa mfuko. Cheti alikisahau kwenye koti la kazi, na koti la kazi mkewe alilifua alfajiri. Kilibaki uji wa karatasi.

Akajitazama kiooni. "Huingii," akasema.

"Komeo, acha vituko!" alimaka jirani yake, nesi. "Si nilikuchoma sindano mimi mwenyewe, ukalia?"

"Najua. Lakini jana nilimrudisha mama mmoja aliyesema hivyo hivyo. Nikikutana naye nimwambie nini?"

Fundi cherehani, aliyevipinga vyeti mtaa mzima kwa jina la uhuru, akachomoa chake kimekunjwa vizuri, akapita huku akicheka. Hakutaka kukosa sherehe.

Binti akashuka ngazi za mlangoni, shela mkononi. "Baba, nani atanitilia saini? Msajili anaondoka saa sita."

"Mwanangu, nikipita leo, wote niliowarudisha nitakuwa nimewaonea tu."

Binti akajifunga shela kichwani. Alimjua baba yake, hakubishana. "Basi zunguka dirishani."

Komeo akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapenyeza mkono kwenye nondo mpaka begani. Uso wake ukabaki ukutani, haoni kitu. Wakampa kalamu, wakamwekea kitabu, akasaini kwa kupapasa huku machozi yakimtoka. Alipotaka kuutoa mkono, binti akaushika, hakuuachia mpaka ndoa ilipokwisha kufungwa.

Picha ya siku hiyo imetundikwa sebuleni kwa binti. Wageni huuliza ule mkono unaotokea dirishani ni wa nani.

"Huyo ni baba," huwajibu. "Alikuwepo."