Bango la Maegesho

Mzee mmoja mwenye kiwanja mtaa wa Doornfontein alinishtaki katika mahakama ya madai madogo, akitaka nilipie kuegesha gari kwake. Mahakama hiyo hairuhusu mawakili, hivyo nilijitetea mwenyewe. Nilieleza kwamba sikuona bango lolote la malipo, ila sikuwa na picha wala shahidi.

Hakimu akamgeukia mzee. "Siku ile bango lilikuwepo?"

Mzee akajibu, "Hapana. Nililiweka baadaye."

Angesema lilikuwepo, ningeshindwa. Kesi ikatupwa.

Nje nilimpa mkono. "Asante, baba."

"Nilikuwa nimeapa," akasema, akaenda zake bila kinyongo.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu habari za mzee yule kwanza, hata kabla sijamwambia kwamba nimeshinda.