Kilio cha Mazoezi

Mwaka wa mwisho wa masomo ya mawasiliano, profesa wetu alitaka kila kundi litengeneze kipindi cha mambo ya kweli, lakini kitamu, mtu akitazame bila kusinzia. Kundi letu lilichagua matanga: jinsi watu wa Uvira wanavyomlilia mtu wao. Matanga halisi hakuna aliyeturuhusu kuyapiga picha, na walikuwa na haki. Tukaamua kuyaigiza.

Shida ikawa marehemu. Hakuna mwenzetu aliyekubali kulala chini ya shuka. Walisema ni kujiitia kifo. Aliyekubali ni mzee mwenye nyumba niliyopanga Rugenge, dereva mstaafu wa malori.

"Miye kifo kinanijua," alisema. "Kingenitaka, kingenibeba zamani mu zile kona za Bukavu."

Mdogo wake alikaa mtaa wa nyuma. Waligombania shamba la baba yao kule Runingu, na kwa miaka hawakuwa wakisalimiana. Majirani hawakujiingiza. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mzee alimsema mdogo wake kila siku, na mtu hamsemi kila siku asiyemkumbuka.

Siku ya kazi tuliwaarifu majirani wa kushoto na wa kulia, tukaona yatosha. Tulisahau kwamba mwenzetu tuliyempa kazi ya kulia alikuwa mwimbaji wa kwaya. Alipofungua kinywa, sauti ilivuka mapaa, na watu wakaanza kuingia: wanawake wamejifunga vitenge, viti vichwani, mmoja na mzigo wa kuni. Walilia vizuri kuliko sisi. Kamera iliendelea kuchukua hata mzee aliposhindwa kuvumilia, akaketi na kuomba msamaha.

Mama mmoja alimchapa begani kwa kandambili. "Weye unatucheza? Nimeacha sombe ku moto."

Wengine walicheka hadi machozi yakarudi. Kwa kuwa viti vilikwisha kuletwa, walikaa, wakapiga soga, wakaenda zao.

Baadaye tulipitia picha kwenye kompyuta, mzee kando yangu. Alitaja kila aliyekuja, akitabasamu. Kisha akasogeza uso karibu na kioo. Pembeni mwa picha, nje ya uzio, alisimama mwanamume mwenye koleo begani. Kwetu anayekuja kwenye kilio na koleo amekuja kuchimba kaburi. Alisimama hapo muda wote wa kulia. Kicheko kilipopanda ndani, aliegemeza koleo kwenye uzio, akapangusa uso kwa kiganja, akaondoka.

"Rudisha nyuma," mzee akasema. Nikarudisha.

"Ni yeye. Alikuya kunizika."

Akaniomba nirudishe tena. Halafu akatoka nje. Koleo lilikuwa bado pale kwenye uzio. Akaliweka begani, akashika njia ya mtaa wa nyuma. Mwenzangu akainuka na kamera, maana hata mwanafunzi mvivu angejua kwamba kipindi kilikuwa kinatembea pale barabarani.

Mzee aligeuka. "Hapana. Ile iko yetu."

Tulibaki mlangoni. Kutoka pale tulimwona akibisha, mlango ukafunguka, akaingia na koleo. Nilifurahi sana. Mwenzangu alinuna, akarudisha kamera mkobani.

Profesa alitupa alama za wastani. Kipindi kizuri, aliandika, ila kinakosa mwisho.