Mwanamke wa Kipini Anayefuga Maji Moto

Jua ndilo kwanza linachomoza na umande ungali kwenye nyasi. Nje kidogo ya Kipini, pale mto Tana unapokaribia kuionja chumvi, Mwanamize binti Swaleh anatembea mnazi hadi mnazi akiwa na kichwa cha papa mkavu mkononi. Anakivunja kwa jiwe, anachomeka kipande kwenye ufa wa shina, kisha anarudi nyuma na kungoja.

Hangoji sana. Anashuka mdudu mmoja mwekundu, mwembamba, mwenye haraka zake. Anakizunguka kile kipande, anapanda tena juu, na punde si punde inashuka safu nzima.

“Sogea nyuma, mwanangu,” anamwambia mwandishi wa habari hizi. “Hawa hawajui mgeni.”

Nasaha hiyo imekuja ikiwa imechelewa. Mwandishi ameshaanza kujipiga makofi shingoni na Mwanamize anacheka mpaka leso inamteleza kichwani.

Wadudu hawa ni maji moto, wale wanaoshona majani mabichi kwa utando mweupe wakayafanya nyumba. Aliyewahi kuumwa nao hahitaji kuelezwa sababu ya jina lao. Watu wengi wa pwani wakiwaona mtini hutafuta moto au jivu. Mwanamize huwatafutia kitoweo.

Leo ameamka mapema kuliko kawaida yake, na usiku hakulala vizuri. Anasema hivyo mwenyewe bila haya. Shemeji yake, Mohdhar, anakuja asubuhi hii kuamua kama minazi hii thelathini na sita itabaki imesimama au itaangushwa.

Msomaji wa bara huenda akashangaa. Huku ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyo juu yake ikawa ya mwingine, na wote wawili wakaishi kwa amani miaka na miaka. Ardhi hii ni ya Mohdhar. Minazi aliipanda ndugu yake, marehemu Fumo, mwaka ule Wadachi, yaani Wajerumani, walipohama Witu, na alipofariki ikawa tegemeo la mjane wake Mwanamize na binti yao Salama. Maadamu minazi inazaa, mwenye ardhi hana neno. Isipozaa, ana haki ya kuudai uwanja wake.

Na kwa misimu miwili minazi hii haikuzaa kitu.

“Vilikuwa vikianguka vidaka,” anasema Mwanamize. Anakunja kidole gumba kuonyesha ukubwa wa kidaka, nazi changa ambayo haijafika hata kuwa kitale, seuze dafu. “Asubuhi nikifagia, nafagia vidaka. Jioni nafagia vidaka. Nikatengeza dua, nikafukiza ubani, nikaambiwa ni kijicho. Mimi nikasema, kijicho gani hiki kinachochagua minazi?”

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mnazi mmoja, ulioinama karibu na kisima, ulikuwa umejaa. Akaukagua kwa siku kadhaa, akaona una kitu ambacho mingine haina: majumba ya maji moto kwenye makuti yake.

Hapo ndipo alipokumbuka. Marehemu Fumo alikuwa akiikwea minazi yake mwenyewe, na maji moto aliwavumilia kama mtu anavyowavumilia wakwe. Alipofariki, mjane alilazimika kukodi wakwezi. Wakwezi wa kukodi hawana uvumilivu huo. Waliwasha makuti makavu, wakawachoma wadudu wote ili wapande kwa raha. Mnazi wa kisimani uliponea kwa kuwa umeinama vibaya na hakuna aliyetaka kuukwea.

“Kuna kunguni fulani, mwembamba, wa rangi ya kahawia,” anaeleza. “Hukinyonya kidaka kingali laini. Maji moto akimuona, hamuachi. Mimi sikusoma. Nilikaa pale kisimani nikatazama kwa mato yangu.”

Basi akaamua kuwarudisha maji moto shambani. Uamuzi huo ulizua kicheko Kipini nzima, na baada ya kicheko ukazua jambo zito zaidi.

Kipini mtu akioza, akifiwa au akijenga, habebi mzigo peke yake. Kila nyumba huleta chake: huyu mchele, yule samli, yule makuti ya kuezekea. Wanawake waliposikia Mwanamize anatafuta maji moto, walicheka, kisha wakafanya kama wanavyofanya siku zote. Walileta mchango. Jirani yake Mwanatumu alikata nyumba moja kutoka kwenye mlimau wake. Mwingine alileta ya mkwaju. Ndugu wa marehemu walioko Chara walileta mbili kwa mtumbwi, zimefunikwa kwa jamvi, na mpiga kasia alifika amevimba mikono.

Mwanamize alifanya kama desturi inavyomtaka. Hakutaka yeyote aone zawadi yake imewekwa pembeni, kwa hiyo alizichanganya. Kila mnazi aliufungia nyumba ya huyu na ya yule, bega kwa bega.

“Kabla ya adhuhuri vilikuwa vita,” anasema, na sauti inashuka. “Walishikana miguu, wakavutana, wakakatana vichwa. Chini ya mashina kulikuwa kwekundu. Kufika alasiri nilikuwa nazoa maiti kwa ufagio.”

Maji moto, alikuja kufahamu, wana koo. Waliotoka mti mmoja, hata wakikaa nyumba kumi, ni watu wa mlango mmoja. Waliotoka miti miwili hawachangamani hata kwa dawa. Mchango ambao ungetosha kuozea binti watatu ndio uliowamaliza.

Ilibidi aanze upya, na safari hii ilibidi akatae kupokea. Mwanatumu alipokuja na nyumba ya pili, aliyoikata kwa taabu na mkono umemvimba, Mwanamize alimrudishia. Alimweleza sababu kwa maneno mazuri, lakini mkono uliorudishwa na zawadi yake hausikii maneno.

“Mimi sina ugomvi nae,” Mwanatumu alimwambia mwandishi huyu, akiwa amekaa mlangoni kwake akisuka ukili. “Lakini nimepeka kitu kwa mkono wangu, nikarudishiwa. Wewe ungekwenda tena?” Tangu siku hiyo hajakanyaga shambani kwa Mwanamize, na Mwanamize akitajiwa jina hilo hugeuza uso upande wa mto.

Nyumba za mnazi wa kisimani zilikuwa chache mno; ulihitajika mti mmoja wenye ukoo mkubwa wa kuijaza minazi yote. Kipini yote mti wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu, mndimu uliozeeka nyuma ya nyumba ya mtu ambaye Mwanamize asingependa kumuomba hata maji ya kunywa. Ulikuwa mndimu wa Mohdhar.

“Nilivaa buibui nikaenda,” anasema. “Ndia yote naiambia miguu rudi, miguu inakwenda. Nikamkuta barazani. Nikamwambia, shemeji, naomba wale wadudu walioko kwenye mndimu wako.”

Mohdhar ni mfanyabiashara wa nafaka, mtu wa maneno machache na kanzu safi. Alikuwa ameshapanga kulima ufuta kwenye uwanja ule, na hakulificha jambo hilo. Alimsikiliza shemeji yake mpaka mwisho. Kisha akampa jibu ambalo Mwanamize analirudia neno kwa neno.

“Wachukue wote, wananizuilia ndimu zangu. Lakini mpunga ukisha kuvunwa, ntakuya kutazama. Nikikuta vitale, sina neno. Nikikuta matupu, naleta mashoka.”

Kazi iliyofuata ilikuwa ya asubuhi na mapema, wakati kuna baridi na maji moto wote wako ndani ya majumba yao. Mwanamize alipaka jivu mikononi, Salama akashika kikapu kilichopakwa jivu ukingoni ili wasipande. Nyumba ilikatwa pamoja na kijiti chake, ikadondoshwa kikapuni, ikakimbizwa shambani, ikafungwa shinani kabla jua halijawaamsha. Walirudi kwenye mndimu ule asubuhi baada ya asubuhi mpaka hapakubaki jani lililoshonwa.

Hakuweza kuufungia kila mnazi nyumba yake. Kwa hiyo alisokota kamba za usumba, kutokana na makumbi, maganda ya nazi yaliyofukiwa kwenye tope la mto mpaka yakalainika, akazifunga kutoka shina hadi shina, isipokuwa ule wa kisimani wenye ukoo wake. Ukisimama shambani leo unaziona zikipita usawa wa kifua, na juu yake maji moto wanakwenda na kurudi na mizigo yao. Mgeni akitaka kupita huinama, na asiyeinama hujifunza.

Kamba ziliisha kabla minazi haijaisha. Mitano ya ukingoni, upande wa kinamasi, haikufikiwa.

Mohdhar anawasili jua likiwa limepanda kidogo. Amefuatana na Komora, Mpokomo wa Ngao ambaye ndiye mkwezi pekee anayekubali kazi ya shamba hili. Hata yeye mwanzoni alikataa.

“Mimi nakataa kabisa,” Komora anasema huku akijipaka jivu toka vidoleni hadi mapajani. “Mtu napanda na mikono mbili. Mdudu nauma huku, nauma huku. Mimi takamata mti ama takamata mdudu? Lakini Mama Salama nakuja kila siku, naongea pole pole. Mimi nachoka kukataa.”

Salamu zinatolewa, hali zinaulizwa, habari za nyumbani zinapita. Hakuna anayetaja mashoka. Mwanamize anasimama karibu na kisima, mikono ameificha ndani ya leso.

Komora anatia kitanzi miguuni na kuanza kukwea. Katikati ya shina anatoa neno moja la Kipokomo ambalo hakuna anayeomba lifasiriwe. Kisha anapotelea kwenye makuti.

“Mama Salama!”

“Naam!”

“Ziko! Vitale, mingi! Hii shada nashika kabisa!”

Mohdhar ndiye anayesema: “Kata kimoya.” Kitale kinaanguka kwenye nyasi. Mohdhar anakiokota, anapangusa maji moto wawili waliokuja nacho, anakipima mkononi kwa muda mrefu kama anavyopima nafaka. Anaonyesha mnazi mwingine, kisha mwingine, anayeichagua ni yeye mwenyewe. Kila mara Komora anakwea, analaani, na kuita kutoka juu kwamba viko. Si kwa wingi ule wa enzi za marehemu, wala si kila shada. Lakini viko.

Halafu Mohdhar anainama chini ya kamba ya mwisho na kwenda peke yake mpaka ukingoni, kwenye minazi mitano ya kinamasini. Huko hahitaji mkwezi. Mashada yaliyokauka yanaonekana kutoka chini, na vidaka vimetapakaa miguuni pake. Anavisogeza kwa ncha ya kiatu. Anakaa huko kitambo kirefu amewapa mgongo, na Mwanamize anamnong'oneza Salama aende akachote maji, kwa kuwa hataki bintiye asikie litakalosemwa.

Mohdhar anarudi taratibu. Kile kitale bado yuko nacho.

“Ile mitano,” anasema. “Mbona?”

“Kamba haikufika, shemeji. Makumbi yaliniishia.”

“Makumbi.” Anatazama kamba, anatazama minazi, anatazama kanzu yake ambayo tayari ina mdudu mkononi. “Kwangu kuna makumbi yamejaa uwani. Mtume Komora akayatwae.” Anajikung'uta. “Minazi na ikae.”

Aliaga, akashika njia ya mjini, na ufuta wake, kwa anavyosema Komora, ataulima upande wa Chara.

Mwanamize aliketi palepale alipokuwa amesimama, kwenye nyasi zenye umande, akajifunika uso kwa leso na kulia kwa sauti. Salama aliporudi na ndoo alidhani minazi inakatwa, naye akaanza kulia, na ilimbidi Komora, mwili mzima umevimba, aanze kuwaeleza mama na binti kwamba habari ni njema.

Machozi yalipokauka, Mwanamize aliinuka na kuanza kuupima kwa macho mwanya ulioko kati ya kamba ya mwisho na ile mitano. Anataka iunganishwe kabla mvua hazijaanza, maana maji yakipanda kinamasini maji moto hawatavuka. Kunako nafasi za miti iliyokufa anataka kupanda miche, na ameshaichagua minazi atakayoiacha ikomaze nazi za mbegu.

Aliulizwa kama haoni kazi hiyo ni kubwa kwa mtu wa umri wake, kwa kuwa mche wa leo utazaa baada ya miaka mingi. Alichukua kipande cha mwisho cha kichwa cha papa, akakichomeka kwenye ufa wa shina, akarudi nyuma.

“Kuzika, nimeshamzika Fumo,” alisema. “Hii minazi yake naitaka inizike mimi.”