Rweyemamu na Barabara ya Msituni

Tangu ujana wake mpaka alipostaafu, Rweyemamu alilinda msitu wa hifadhi ulio juu ya kijiji chao, kata ya Kibingo. Watu hawakumpenda. Aliwanyang'anya mapanga waliokata fito, akafukuza mbuzi wa majirani. Kisha siku moja akamkamata Gaspari, kaka wa mkewe Vero, akiangusha mti wa msambya ndani ya mpaka. Gaspari alikuwa anajenga, akihitaji miti ya paa.

Vero alipiga magoti kumwombea kaka yake.

"Msitu ni wa serikali," Rweyemamu alimjibu. "Hauna shemeji."

Gaspari akafungwa. Akiwa gerezani, masika yalizikuta kuta zake za matope hazijaezekwa, zikaporomoka zote. Alipotoka hakukanyaga tena kwa dada yake.

Miaka ikapita, Rweyemamu akazeeka, na wapima barabara wakaja. Serikali ilitaka kujenga barabara kuu ya lami kuelekea Karagwe. Mkutano ukaitishwa kwenye uwanja wa shule. Mhandisi mmoja mpole, jina lake Ilyas, alieleza kwamba njia zilikuwa mbili: moja kupasua msitu katikati, nyingine kuzunguka mlima na kupita kwenye vibanja vya watu, kwenye migomba na kahawa zao. Aliposema vibanja, uwanja mzima uliguna.

Rweyemamu akasimama.

"Zungukeni," alisema. "Maji tunayokunywa yanatoka mle msituni."

"Mzee wangu, tukizunguka tutabomoa nyumba. Nani atakubali?"

"Mimi. Anzeni na kibanja changu."

Watu wakacheka. Vero, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi na wanawake wenzake, aliinuka, akakung'uta kitenge chake, akaondoka bila kumtazama mumewe.

Ndipo Gaspari akaongea kutoka nyuma. Hakupaza sauti.

"Mimi ulinifunga kwa mti mmoja. Leo wanataka kuikata yote na watu wanafurahi. Hebu niambie, shemeji, kosa langu lilikuwa nini? Kukata kidogo?"

Mwenyekiti wa kijiji akawaomba wanaokubali barabara ipite msituni wanyooshe mikono. Mikono ikajaa uwanja.

Nyumbani Rweyemamu alimkuta Vero ameketi kizingitini.

"Kibanja hiki nimekilima mimi," Vero alisema. "Ulipomfunga kaka yangu hukunisikiliza. Leo hata kuniuliza hukuniuliza."

"Nilikuwa nautetea msitu, mama."

"Msitu, msitu! Na sisi tulikuwa wapi?"

Siku iliyofuata Rweyemamu alipanda bodaboda hadi wilayani, akaketi kwenye benchi mpaka ofisa mmoja alipomwita ndani. Ofisa alimsikiliza kwa heshima, kisha akamwambia kuwa uamuzi ulikwisha kupitishwa hata kabla ya ule mkutano.

"Lakini ile ni hifadhi," Rweyemamu alisema. "Nimefunga watu kwa ajili yake."

"Bado ni hifadhi, mzee. Ni mpaka tu umesogezwa."

Alirudi nyumbani akalala na viatu miguuni.

Makatapila yalifika kiangazi. Vijana na wazee wakapata kazi, na Gaspari akapewa msumeno wa mota na kizibao cha kung'aa. Rweyemamu alipanda mlima kwenda kutazama. Mahali alipozoea kusikia nyani pekee palikuwa peupe, jua linachoma udongo mwekundu. Gaspari alipomwona alizima msumeno.

"Karibu, shemeji. Umekuja kunikamata?"

"Hapana."

"Basi sogea. Huu unaangukia upande wako."

Rweyemamu akasogea. Mti ukaanguka, na Gaspari akaenda kwenye mwingine.

Magogo yalipakiwa kwenye malori. Matawi yaliachiwa wanakijiji, achukue anayetaka, na wanawake wakapanda kwa makundi na kamba zao. Vero alikuwa miongoni mwao. Jioni hiyo alipika ndizi na maharage kwa kuni hizo, na kwa kuwa zilikuwa mbichi, moshi ulijaa jikoni ukapenya mpaka chumbani. Rweyemamu alikohoa hadi machozi yakamtoka. Sahani ilipowekwa mbele yake alinawa, akala.

"Chumvi imekolea?" Vero aliuliza.

"Imekolea."