Mpinga Kodi wa Kiwalani

Shomari, fundi cherehani wa Kiwalani, alikuwa mtu wa kulipa. Mwaka ule wa 1993 stakabadhi yake ya kodi ya maendeleo aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwa shati, na kila shati lilipokwenda kufuliwa aliihamisha kwanza. Kwa hiyo hadi leo hajui lile jina lilimpataje.

Lilianzia kwenye mkutano wa mtaa. Shomari alisimama akauliza, kwa adabu zake zote, kama kodi inalipwa kila mwaka, mbona mtaro wa mtaa wao bado umeziba. Mzee Mbwana, ambaye Shomari alishonea kwenye baraza la nyumba yake, ndiye aliyeguna: "Huyu mpinga kodi." Watu wakacheka, na jina likaganda.

Wiki haikuisha, Mzee Mbwana akamwambia aondoe cherehani ifikapo Jumamosi, hataki mpinga kodi barazani kwake. Miaka kumi na mmoja Shomari alikuwa akilisha wanawe kwa baraza lile. Alilala akiwaza, akaamka hajaelewa. Mpinga kodi si yule asiyelipa? Alichomoa stakabadhi akaisoma upya, labda kuna mstari alioruka.

Ijumaa asubuhi msako ukaingia. Mgambo walidai stakabadhi nyumba kwa nyumba, na wanaume waliokuwa wakipiga soga pale kona wakayeyuka. Mzee Mbwana akachomoka ndani, msuli kaushika mkononi, akanyakua baibui la mteja lililokuwa halijapigwa pindo, akajitumbukiza humo na kuketi kwenye benchi la wateja, kajiinamia. Misako ile haikuwasumbua sana wanawake, naye alilijua hilo vizuri.

Mgambo mmoja akaisoma stakabadhi ya Shomari, akamrudishia. "Na huyu bibi?"

Shomari akaitazama ile miguu mikubwa chini ya baibui. Angesema neno moja tu, pengine Jumamosi isingefika. Au ingefika vilevile?

"Mteja," akasema. "Anasubiri kupimwa."

Wakapita. Mzee Mbwana akalivua baibui, jasho likimtiririka, akamshika Shomari bega kwa upendo wa kweli kabisa.

"Ahsante, mwanangu. Umenisitiri, Mungu naye akusitiri."

Shomari akaikunja stakabadhi yake. "Basi, Mzee, cherehani ibaki?"

"Hapana. Jumamosi iko palepale." Mzee aliuona uso wa Shomari, akamwonea huruma. "Mie kweli sijalipa, mwaka wa tatu huu. Lakini ulishanisikia hata siku moja nikiipinga?"

Baibui lilikuwa limefumuka kwapani. Shomari akalivuta, akatunga uzi, akaanza kulishona, maana mteja mwenyewe angelifuata saa nane.