Kiyoyozi cha Ng'ombe Sita

Nilifika nyumbani kwa baba, mtaa wa Kitaji, Musoma, saa saba mchana, nikiwa na begi moja na shavu lililovimba. Nilikuwa nimeamua tangu Bunda kwamba sirudi tena kwa yule mwanaume, na njia nzima nilikuwa nayapanga maneno ya kumwambia baba. Sikupata nafasi ya kuyasema. Kwenye dirisha la chumba cha mdogo wangu wa kike palikuwa na sanduku kubwa la chuma limetokeza nje, linanguruma na kudondosha maji kwenye mchanga. Sehemu iliyobaki ya dirisha ilikuwa imezibwa kwa matofali. Majirani wawili walikuwa wamesimama uani, mikono nyuma, wanalitazama.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mama. Umefika wakati mzuri. Ingia uone.”

Hakuliona shavu langu, au aliliona akaliacha. Alinishika mkono kama mtoto, akanipitisha sebuleni, akafungua mlango wa chumba na kuufunga haraka nyuma yetu. Baridi ilinipiga usoni mpaka taya likauma. Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani na daftari lake. Alikuwa na miaka kumi na minne, na sijui kama nilikuwa nimewahi kumwona amevaa nguo kavu saa saba mchana.

“Dada,” akasema, “leo sijaloweka kanga hata moja.”

Nilicheka, kisha nikalia. Wao walidhani ni furaha, na kwa kweli furaha ilikuwepo.

Lazima nieleze habari ya kanga. Enzi zile za foleni za bidhaa, mafuta ya taa yalipatikana kwa kujuana. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, mimi ndiye niliyeshika nyumba, nina miaka kumi na mitano. Jioni moja nilinunua chupa ya mafuta kwa mtu mmoja nyuma ya soko. Niliyanusa nikahisi harufu si yake. Lakini nilikuwa nimezunguka tangu asubuhi na sikutaka kurudi mikono mitupu, nikayalipia. Yalikuwa yamechanganywa na petroli. Koroboi ililipuka mezani, na mdogo wangu, wa miaka minne, alikuwa ameegemea meza ile ile.

Alipona, lakini mgongo, kifua, shingo, paji la uso na mikono yote miwili viligeuka kovu. Daktari alituambia kwamba ngozi ya kovu haitoi jasho, kwa hiyo mtoto huyu joto likimwingia halina pa kutokea. Nasi tuliishi chini ya bati, bila dari. Ikifika saa sita mchana nyumba inakuwa tanuri. Tulimloweshea kanga, tukamkalisha kwenye beseni, tukampepea kwa zamu. Mara mbili alipata degedege, na mara ya pili baba alimkimbiza hospitali juu ya keria ya baiskeli akiwa amemfunga kwa shuka. Tulimpeleka Butiama kwa bibi, kwenye nyumba ya nyasi. Kule joto halikumsumbua, ila vidonda vya makovu vilipofumuka hospitali ilikuwa mbali, tukamrudisha. Tukanunua feni. Feni ilichukua joto la upande huu ikalipeleka upande ule.

Kuhusu chupa ile hakuna aliyewahi kuniambia neno. Baba hakuniuliza hata mara moja niliinunua wapi. Afadhali angenipiga.

Mchana ule, basi, baba alinikalisha sebuleni akanisimulia alivyoipata mashine, na alisimulia kwa raha, kama mtu aliyetoka kuwinda. Mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa siku hizo na vitu vyao kuuzwa. Kule Mwanza shirika moja liliuza mpaka vitasa, na kiyoyozi cha ofisi ya meneja kikaenda kwa bei ya kutupa.

“Ng'ombe mbili tu,” akasema. “Yule mweusi wa paji jeupe, na yule mwekundu.”

Nilimtazama. Wale ng'ombe niliwajua. Niliwahesabu siku walipoletwa, wanane, nimejificha nyuma ya jiko na shangazi zangu wakinicheka. Ndio walionitoa kwa baba kunipeleka Bunda. Kwa vile mjini hakuna malisho, baba aliwalaza kwa ndugu yake kijijini Bugwema, awachunge na kunywa maziwa yao.

“Halafu fundi akaja,” baba akaendelea. Fundi huyo alikuwa wa Buhare. Aliitazama mashine, akatazama waya za nyumba, akasema: “Mzee, hii ukiwasha leo, kesho unalala nje. Hizi waya ni za taa na redio.” Ikabidi kuvuta waya mnene kutoka kwenye nguzo, na watu wa umeme wakataka chao, cha halali na cha chai. Akaenda ng'ombe wa madoa. Waya ulipofika, fundi akasema umeme wa Musoma unapanda na kushuka, bila stabilaiza ya kuusawazisha mashine itaungua wiki ya kwanza. Akaenda dume la kijivu. Wakawasha. Mashine ikanguruma siku nzima na chumba hakikupoa hata kidogo. Fundi akatazama juu. “Mzee, unapoza bati. Baridi yote inatokeaga huko juu.” Ikabidi dari ya chumba kile, siling bodi, mbao, misumari, na matofali ya kuziba dirisha. Wakaenda wawili waliobaki wenye afya.

“Ungeniambia mapema ingekuwa ng'ombe sita, nisingeanza,” baba alimwambia fundi.

“Ndiyo maana sikukuambia, mzee.”

Baba alilisimulia hilo akicheka. Majirani nao walimtania: ziwa lote hili, mzee, upepo bado haukutoshi? Mimi sikucheka. Nilikuwa napiga hesabu kichwani, na hesabu yenyewe ilikuwa fupi. Walikuwa wamebaki wawili, mmoja mzee na mmoja kilema.

Kwetu, ng'ombe wa binti hawaguswi mpaka awe ameshika mtoto mkononi. Akiachana na mume kabla ya hapo, wanarudi wote walikotoka, na ndama wao. Mimi nilikuwa na miaka miwili kwa mume na sijazaa. Baba aliijua desturi hii kuliko mtu yeyote, alishaamua kesi za watu wengi kwa kuitumia. Lakini alikuwa amewaza kwamba binti yake ni mtulivu, mume ni mfanyabiashara tangu biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, mambo yamekaa. Hakuwaza kwamba bei ya pamba ikianguka mwanaume anaweza kuja kumalizia hasira nyumbani.

“Baba,” nikasema, “mimi nimeondoka Bunda. Sirudi.”

Aliacha kucheka. Ndipo alipoliangalia shavu langu, akaliangalia muda mrefu. Kisha akainuka akaenda uani na hakurudi mpaka giza lilipoingia.

Siku nne zilizofuata tulizungumza habari za chumvi na sabuni tu. Usiku mdogo wangu alinisogezea nafasi kitandani, tukalala chini ya blanketi, jambo ambalo nyumba ile haikuwa imelijua. Alinisomea masomo yake, maana mtihani wa darasa la saba ulikuwa karibu. Hakuuliza nitakaa mpaka lini. Nilijua anasubiri niseme.

Siku ya tano, jua la saa tano likiwa linawaka, pikapu ya pamba ya mume wangu ilisimama nje. Alishuka yeye na baba yake mkubwa, mzee mrefu mwenye fimbo, mpole wa sauti. Wakakaribishwa sebuleni. Mume wangu hakunitazama. Mlango wa chumba cha mdogo wangu ulikuwa umefungwa na mashine ikinguruma upande wa pili, kwa hiyo wanaume walilazimika kupaza sauti hata kusalimiana.

“Mkwe,” mzee akasema, “sisi hatukuja kugombana. Kijana alikosea mkono, tumeshamsema. Lakini kwetu na kwenu iko sawa: mwanamke arudi, au ng'ombe zirudi. Zote nane, na ndama zake.”

“Ng'ombe ziko Bugwema,” baba akasema.

Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni. Nilishika fremu. Baba hakuwa mtu wa kusema uongo, aliusema vibaya, haraka, akiangalia magoti yake.

“Vizuri,” mzee akasema. “Gari tunalo. Twende sasa hivi tukazione.”

Hakuna aliyeinuka. Mashine ilinguruma. Mume wangu ndipo aliponitazama, na niliona ameshaelewa.

“Ziko mbili,” baba akasema mwisho.

“Na zingine?”

Baba alinyoosha mkono, akaonyesha mlango ulikotoka mngurumo.

Wakati ule ule mngurumo ukakatika. Tulidhani ni mgao wa umeme. Mlango ukafunguliwa, mdogo wangu akatoka amevaa sare ya shule, na sweta juu yake amelifunga vifungo vyote. Aliwaamkia wageni kwa heshima. Akavuta kiti akakiweka katikati ya sebule, chini ya bati lisilo na dari, akaketi.

“Nimeizima,” akasema. “Baba, uza. Dada asirudi.”

“Vua hilo sweta,” nikamwambia.

“Sivui.”

“Rudi chumbani, mama,” baba akasema. Hakusogea.

Wageni hawakujua wanachokitazama. Sisi tulijua. Kwanza uso wake uligeuka mwekundu kwenye mashavu, pale tu ngozi ilipokuwa nzima. Kisha midomo ikakauka. Hakuna tone la jasho. Mzee wa Bunda alikuwa anajifuta shingo kwa leso, mume wangu shati limemganda mgongoni, na yule mtoto amekaa mkavu, mikono magotini, anamtazama baba.

Mimi pia nilikuwa namtazama baba. Nilitaka aseme. Angesema “uza,” ningejua nina baba. Angesema “rudi Bunda,” ningemchukia na yangeisha. Aliinua macho akanitazama. Aliniachia mimi niamue. Mpaka leo ninapouandika ukurasa huu inaniuma, kwa sababu alijua kabisa nitafanya nini. Alikuwa anajua tangu ile chupa.

Mdogo wangu alianza kuyumba kwenye kiti.

Nilivuka sebule. Nilimwinua kwa makwapa, alikuwa wa moto kama sufuria, akanipiga kifuani kwa ngumi zisizo na nguvu, akilia bila sauti. Nilimlaza kitandani, nikamvua sweta, nikabonyeza swichi. Mashine ilikohoa, ikanguruma. Nilisubiri mpaka pumzi yake ikapungua mbio. Nilimwambia afaulu mtihani. Alinigeuzia mgongo.

Kisha nikachukua begi langu, ambalo nusu ya nguo zake zilikuwa bado hazijatolewa.

Nilipotoka, yule mzee alikuwa amenifuata mpaka mlangoni mwa chumba. Alinyoosha kiganja chake kuelekea ubaridi, akakigeuzageuza, kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote.

“Kumbe iko hivi,” akasema. “Mkwe, kufunga kitu kama hii ni gharama gani?”

“Ng'ombe sita,” baba akasema.

“Na mtu mmoja,” nikasema.

Mume wangu alinipokea begi, akalitupa nyuma ya pikapu juu ya magunia ya pamba, tukaondoka.