Injini ya Nyaramba na Birika Langu la Chai

Kwa miaka kumi na zaidi niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha ngumbaru, kwamba injini ya kisiagi cha Nyaramba ilikuwa ikinywa chai. Msicheke bado. Wiki iliyopita nilipata habari kwamba fundi aliyekuwa akiinywesha, mtu wa ziwani, amefariki nyumbani kwao. Nilisikitika, wasomaji wangu, lakini nilishangaa kukuta wivu niliomwonea ungali mzima. Nilidhani ungekuwa na adabu ya kumsindikiza.

Injini ile haikuumbwa kusaga mahindi. Ilikuwa ya mashua ya tanga ya mzungu mmoja wa Kisumu, ya kuisukuma siku upepo ukigoma. Uhuru ulipokuja mzungu akaiuza, na mzee mmoja Msabato wa kwetu akaipandisha milimani pamoja na fundi wake, kama anunuaye ng'ombe na mchungaji. Mimi nilikuwa mfagiaji wa pale, mume wa mtu, nikipigana na pumba mchana na vitabu jioni. Fundi akiiwasha, vilima vya Manga vilitikisika na wanawake wenye magunia walipiga vigelegele. Mimi nilifagia miaka minne bila kupigiwa hata kofi moja. Walimu na makatekista walimletea betri za redio azichaji, wakamwita daktari. Betri zake mwenyewe zilikuwa mbili: moja ya taa na redio, nyingine ndani ya sanduku lenye kufuli. Nilipoiomba hiyo ya pili akakataa. "Omera, ndugu yangu, hii ni ya kuwashia tu. Haikopeshwi." Nikaona ni kiburi cha samaki.

Kila asubuhi alichukua birika linalofuka mvuke kwa mama muuza chai, akatutoa sote nje kwa hofu ya mkanda wa mashine, akafunga mlango. Punde injini ikanguruma. Watu walisema mashine ya ziwani haiwezi baridi ya Nyaramba bila chai, na Jumapili, ikiwa imelala Sabato nzima, hunywa mabirika mawili. Nani angebisha? Hata sisi hatuamki bila chai.

Basi fundi akaenda kwao kuzika. Mwenye kisiagi akaniita: "Wewe uliyesoma, ukiiwasha Jumapili, utakuwa fundi wa pili." Sikulala. Sabato nzima niliketi kwenye kiti cha fundi nikisikiliza redio yake kama waziri. Jumapili nikamwamuru mke wangu apike chai ya wageni, maziwa ya asubuhi na sukari ya kutosha harusi. Nikaibeba kilima kizima, nikisimama kwa kila mtu ili anisalimu, maana fundi mpya hapiti kimya. Nikaimimina yote kwenye tundu la injini lenye mfuniko wa shaba, nikaunga betri ya redio, nikabonyeza. Injini ikasema nge, ikanyamaza.

"Mwalimu!" wakaita wanawake kutoka foleni. "Umeimba ubeti mmoja tu?"

"Mwacheni, labda injini haijaenda ngumbaru."

Saa sita fundi akatokea, vumbi la safari mabegani. Akanusa. Akanitazama. Akafungua bomba la chini, na chai yangu ikatoka mbele yake, maziwa na yote. Akasogea akaikinga kwa mgongo wake wanawake wasiione. Akaagiza birika, akafunga mlango, nikasikia kufuli la sanduku likifunguka. Injini ikawaka mara moja, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikafika, naapa, mpaka Sotik. Mwenye kisiagi alipouliza, fundi alisema tu, "Betri ya redio iliisha. Ndugu yangu hana kosa."

Angenitukana ningemsamehe. Kunisitiri ndiko kulikonichoma. Mwezi huohuo nikahamia kiwanda cha chai cha Itumbe, nikiamini kwamba injini ilikataa chai yangu kwa kuwa watu wa ziwani huipenda ya rangi, isiyo na maziwa. Tangu hapo nimefanya kazi na mafundi wengi, na nimeona wengi wa aina yangu wakiwachungulia. Wivu una macho ya mwewe. Unahesabu kila hatua ya mwenzako, lakini mdomo hauna. Anayemhusudu mjuzi hukaa jirani naye miaka na kuondoka na pumba.

Basi Jumapili hii, baada ya habari za msiba, nilishuka ziwani kutoa pole. Mjane aliponimiminia chai, nikashindwa kujizuia.

"Shemeji, ile injini ya Nyaramba, marehemu alikuwa akiipa chai ya aina gani?"

Akaweka birika chini. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akabaki akiyafuta.

"Chai? Yalikuwa maji ya moto, shemeji. Injini ikiwa na baridi haiwaki, basi. Angekuonyesha siku yoyote. Alikuwa akingoja umuulize."